Bi Kindi na Alama Nyekundu za Mkunguni

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu wanangu, wanyama walipokuwa wakikaa mitaani na kila mlango ukiijua hodi ya jirani, palikuwa na mtaa uitwao Mkunguni.

Ah, Mkunguni! Vichochoro vyake vilikuwa vyembamba, hata ukipiga chafya chumbani kwako, jirani wa nyumba ya tatu anakuitikia, "Afya!" Asubuhi harufu ya vitumbua ilipita nyumba hadi nyumba kama mgeni anayeamkia. Chungu cha mmoja kikichelewa kuiva, watoto wake walikula kwa mwenzake, wala hakuna aliyeona haya.

Humo aliishi Bi Kindi, mjane, msuka mikeka. Kiumbo alikuwa si kitu, lakini akili, wee! Chumba alimozaliwa ndimo alimozaliwa mama yake, na ndimo alimowazalia wanawe.

Siku moja Liwali Tembo, mkuu wa mji, akaamua kupita Mkunguni. Akaingia kichochoroni, hatua moja, mbili, tatu... kwapu! Kiuno kikanasa baina ya kuta mbili. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Nitoeni!" akanguruma.

Wakamvuta mkia, hee-hoo, hee-hoo, mpaka akachomoka, puu! Akaanguka matako chini mbele ya watoto. Watoto wakacheka. Liwali hakucheka.

"Mtaa gani huu, mkongwe, wa kubanana kama dagaa!" akafoka. "Nataka barabara pana hapa, na bustani. Nyumba zote zivunjwe!"

Akaleta ndoo ya rangi, akachovya mkonga wake, akaunyoosha kupitia juu ya mapaa, na kila mlango akaupiga X nyekundu. Chwa! Chwa! Kisha akamwita Faru, mvunjaji wake.

"Faru, kesho asubuhi pita huku. Palipo na X nyekundu, vunja. Pasipo na X, usiguse. Na usiniulize maswali!"

"Amri ni amri, Bwana Liwali," akasema Faru. Akageuka kuondoka, akagongana na mtungi wa maji. "Samahani, mama," akauambia mtungi, akaenda zake.

Mzee Nungunungu, kinyozi wa mtaa, akauliza kwa sauti ndogo, "Bwana Liwali, sisi twende wapi?"

"Mbugakame. Kuna nafasi tele."

"Na maji?"

"Mtachimba kisima."

Mkunguni ukajaa kilio. Wengine walianza kufunga mizigo. Bi Kindi aliingia chumbani kwake, akaegemea ukuta, akalia kidogo. Kisha akanyamaza ghafla. Akamkumbuka Faru na ule mtungi.

"Kumbe haoni vizuri!" akanong'ona. Akatoka mbio. "Mzee Nungunungu! Futa machozi, tuna kazi."

Wakachukua ukili wa kushonea mikeka, wakautia rangi nyekundu. Wakakata makuti mawili marefu, wakayazungushia ule ukili. Alasiri wakaenda kwa Liwali.

"Shikamoo, Bwana Liwali," akasema Bi Kindi, ameinama. "Kesho tunahama. Ila kwetu Mkunguni mtu haondoki bila kumuaga mkubwa wake. Tumekuja kukupambia lango."

Tembo akatikisa masikio kwa raha. "Kumbe mna adabu! Haya, pambeni. Na mapambo yaonekane toka mbali!"

"Yataonekana, Bwana."

Wakayasimamisha makuti mbele ya lango, moja likakatiza jingine. Tembo akayatazama, akajiona bwana harusi.

Kulipokucha, Tembo na watoto wake wote wakaenda mtoni kuoga, kama ilivyokuwa desturi yao. Huku Mkunguni kila mlango ulikuwa umetundikwa mkeka, umefunika X yake.

Faru akaja. Akakodoa macho mlango huu, akakodoa ule. "Hapa hamna. Hapa hamna. Ala!" Akazidi kwenda mpaka mwisho wa njia, langoni kwa Liwali. Mara akaona wekundu mkubwa umekatizana.

"Aa! Ndiyo hii!" Akarudi nyuma, akainamisha pembe. Gudu-gudu-gudu... kruuu! Lango likaenda. Puu! Ukuta ukaenda. Paa likalala chini, vumbi likapanda mbinguni.

Tembo akarudi, maji bado yakimchuruzika. "Nani kavunja nyumba yangu?"

"Ulisema palipo na X, Bwana. Na ulisema nisiulize."

Bi Kindi alikuwa juu ya mti wa karibu, Mzee Nungunungu chini yake, mkono mdomoni, tayari kucheka. Lakini Tembo hakupiga kelele. Alipiga magoti kifusini, akawa anapapasa mawe kwa mkonga.

"Hapa ndipo marehemu mke wangu alipokuwa akisimama," akasema. "Kila jioni akiniuliza, 'Umerudi?' Hata baada ya kufa, nikifika hapa, ni kama namsikia."

Bi Kindi akautoa mkono mdomoni. Akashuka, akasimama mbele ya miguu ile mikubwa.

"Ni mimi niliyefanya hila. Ukitaka niponde. Ila kwanza nijibu: nikikujengea Mbugakame nyumba mara mbili ya hii, utamsikia huko?"

Tembo akasimama, akanyanyua mguu. Nungunungu akafumba macho. Mguu ukakaa hewani muda mrefu, kisha ukashuka taratibu, pembeni.

"Hapana," akasema Tembo. "Sitamsikia."

"Na sisi marehemu wetu tungewaacha hapa, Bwana Liwali."

Tembo akageuka. Alienda mtoni, akajaza mkonga, akaingia Mkunguni kwa ubavu, pole pole, amebana pumzi. Akatoa mkeka wa kwanza, akapuliza maji, fwaaa! Rangi ikachuruzika. Akaenda mlango wa pili.

Ilipofika adhuhuri hapakuwa na X hata moja, na Mkunguni mzima ulikuwa kwa Liwali, unabeba mawe ya kumjengea upya.

Nyumba ikivunjika ina fundi, wanangu; ujirani ukivunjika hauna.