Nafasi Katika Mstari

Mtu mmoja alirithi jarida kutoka kwa baba yake, na pamoja na jarida alirithi vita.

Vita hivyo vilikuwa ndani ya hadithi ya picha iliyochorwa na Mbonea, askari aliyerudi kutoka mpakani akiwa mzima wa mwili. Kwa miaka mingi watu wa wilaya ile walilifungua jarida kuanzia nyuma, kwa sababu huko nyuma ndiko kilikokuwa kikosi cha Mbonea: mpishi na sufuria lake, mtu wa redio, koplo mwenye kigugumizi, na Nakunda, muuguzi mwenye mkoba wa dawa. Hawakuwa watu wa kubuniwa. Walikuwa watoto wa vijiji vile vile. Kabla hajamchora yeyote, Mbonea alikwenda nyumbani kwao, akabisha hodi, akakaa, akanywa alichopewa, ndipo akaomba. Alipokataliwa hakuchora, wala hakurudi kushawishi.

Nakunda alikufa kikosi kilipokuwa kinavuka mto. Mwili haukupatikana. Mumewe, Eliapenda, alikaa matanga bila jeneza, na waliokuja kumpa pole walirudi makwao bila kushika udongo. Hadithi ilipofika kwenye mto ule, Mbonea alimchora Nakunda akiingia majini, basi. Katika toleo lililofuata kikosi kilipanga mstari kama kawaida, na kati ya mpishi na mtu wa redio paliachwa peupe, upana wa mtu mmoja. Wasomaji wengine walidhani wino uliwaishia wapiga chapa. Lakini toleo lililofuata palikuwa peupe tena, na lililofuata vivyo hivyo. Kila aliyekufa, hata mpishi mwenyewe baadaye, Mbonea alimwachia nafasi yake, na walio hai hawakusogea kuiziba. Kadiri vita vilivyoendelea, mstari ulizidi kuwa mweupe. Watu wakaelewa pasipo kuelezwa. Timu ya mpira ya mjini ilipofiwa na golikipa wake, wachezaji walipiga picha wameacha pengo katikati, na hakuna aliyeuliza sababu.

Eliapenda hakuwa na kaburi la kupalilia. Alikuwa na ukurasa. Aliufungua, akahakikisha kwamba weupe ule bado upo, akaufunga, akaenda kazini.

Mbonea alipokufa, mwenye jarida wa kwanza aliikomesha hadithi. Alisema ilikuwa na mkono mmoja, na mkono huo umezikwa. Mwanawe Zefania ndiye aliyerithi. Simwiti mtu mbaya, maana wabaya hutambulika mapema na watu hujihadhari nao. Aliona vijana wa wilaya hawajui tena kwamba palipiganwa vita, wala kwamba babu zao walibeba bunduki. Alisema hadithi ile isipofufuliwa, waliomo watakufa kabisa. Kuhusu vijana alisema kweli.

Watu walibishana, kwa kinyozi na nje ya kanisa baada ya ibada. Wengine walisema kazi ya marehemu ni ya marehemu, iachwe ilale naye. Wengine walijibu kwamba hata nguo za marehemu hugawiwa ndugu baada ya matanga, la sivyo zitaliwa na mende. Eliapenda alikuwa upande wa hao wa pili. Alijua kwamba siku atakapokufa yeye, hatabaki mtu wa kuutambua ule weupe ukurasani, na jambo hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe. Zefania alipomwendea, alimwambia achapishe. Alimtaka kitu kimoja: kabla mchoraji mpya hajashika kalamu, Zefania apite nyumba kwa nyumba kama alivyopita Mbonea, abishe hodi, akae, aulize. Zefania aliitikia kwa kichwa.

Hakupita. Nyumba zilikuwa mbali na njia mbaya, na haki ya kuchapa alikuwa nayo kisheria. Badala yake aliwaalika wafiwa wote ukumbini, akawapa pilau na soda, na toleo jipya likafunuliwa ukutani, kubwa kama mlango.

Mchoraji mpya alikuwa hodari. Kwa ufundi alimzidi Mbonea; jasho lilionekana kwenye shingo za askari. Alikuwa ameisoma michoro ya zamani kwa bidii, akaona humo kasoro inayojirudia, yaani mapengo, akairekebisha. Mstari wa kikosi sasa ulijaa kutoka ukingo hadi ukingo. Hadithi ilieleza kwamba wote waliodhaniwa kufa walikuwa mateka ng'ambo ya mto, na wamerudi. Kati ya mpishi na mtu wa redio alisimama Nakunda na mkoba wake, mdogo kuliko siku aliyoolewa, akitabasamu.

Ukumbi ulipiga makofi. Binti wa mpishi, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, alilia kwa furaha kumwona baba yake, akaomba nakala za ndugu zake. Mtani wa Eliapenda, yule yule aliyemchekesha matangani alipokuwa hawezi hata kula, alimpiga begani akamwambia, "Hongera, mzee mwenzangu. Umerudishiwa mke akiwa mwali. Kazi kwako, nguvu utazitoa wapi?" Meza nzima ikacheka. Hakuwa na nia mbaya. Utani ndivyo ulivyo.

Eliapenda alisimama, akangoja kicheko kiishe, akamwambia Zefania kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mwanangu, mke wangu hakupata kaburi. Alichokuwa nacho ni ile nafasi ya kutokuwapo, na hiyo nayo umempa mtu mwingine."

Zefania alijibu kwa heshima zote kwamba huyo si mtu mwingine, ndiye Nakunda mwenyewe, mzee atazame vizuri.

Hapo msipite haraka. Zefania aliamini alichokisema. Alidhani sura ndiyo mtu, na pengo ni kazi iliyomshinda mchoraji. Alikuwa amekaa na michoro ile tangu utotoni, chini ya paa la baba yake, na hakuwahi kujiuliza kwa nini askari hodari kama Mbonea, aliyejua kuchora uso wowote, hakuuchora uso ule tena. Na wale waliopiga makofi walikuwa wamejua. Walikuwa wameelewa miaka yote ile, lakini walipoonyeshwa mstari uliojaa, walifurahi kwamba hawatakiwi kuelewa tena.

Toleo liliisha madukani. Lakini hadithi ya vita haiendi mbele bila mtu kufa, na msomaji hamlilii asiyemjua. Kwa hiyo waliorudishwa walianza kuuawa upya. Nakunda alipigwa risasi, wasomaji wakalalamika, akapona, akapigwa tena. Mpishi alilipuliwa na bomu akikoroga uji, na uji ukamwangukia adui kichwani. Picha hiyo ilichekesha sana, ikabandikwa kwenye vibanda vya chipsi.

Siku binti wa mpishi alipoiona, alikwenda nyumbani kwa Eliapenda. Alitandika kanga sakafuni, akakaa kama wanawake wanavyokaa msibani, miguu ameinyoosha. Eliapenda alimtazama, akatoka uani, akakoka moto, kwa kuwa penye msiba moto huwashwa. Majirani waliopita waliuliza nani amefariki. Yule mama alitaja jina la baba yake. Wakamwambia kwa upole kwamba baba yake alifariki zamani, wao wenyewe walihani, na hayo mengine ni katuni tu. Kisha wakaendelea na safari zao, maana nani ataacha shamba lake akamlilie mtu wa kwenye karatasi? Wawili hao wakabaki peke yao, na moto, na msiba usio na mchango wala mpishi wa kuwapikia.

Ninyi mnaosema kwamba kumbukumbu sharti iendelee, mnasema kweli, nami sibishani nanyi. Nawauliza neno moja tu: mnapowanyanyua wafu bila kubisha hodi kwa wafiwa, ni nani mmemwandaa aje kukaa nao matanga ya pili?