Injini ya Ndege ya Kepteni Kimosop

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani hizi hizi ambapo watu walisoma mpaka chuo kikuu ili warudi nyumbani kumsaidia mama kuchambua viazi, paliishi Molo msichana mmoja aitwaye Jemeli. Jemeli alikuwa na vitu viwili: shahada ya uhandisi wa mitambo, na ulimi. Shahada ilipata nafasi ukutani. Ulimi haukuwahi kukosa kazi.

Mjomba wake alimtafutia kazi ya ndani huko Ghuba. Pasipoti ikatoka. Wakala wa Nairobi akawa anapiga simu kila asubuhi kama mwadhini.

"Kazi ni kazi," mjomba akasema.

"Basi nenda wewe, mjomba. Hata wewe una mikono ya kuoshea vyombo."

Mama akaviinamia viazi. Lakini Jemeli, kwa maneno makali yote yale, alijua moyoni kwamba asipopata pa kusimama hapa nyumbani, ataondoka, na hesabu zake zote za nguvu na mwendo zitaishia kwenye sinki la mtu.

Sasa, katika mji huo huo palikuwa na mzee, Kepteni Kimosop. Ujana wake wote aliumaliza angani, akiendesha ndege ya mabawa mawili, moja juu na moja chini, akinyunyizia ngano dawa. Uzee ukamjia na glakoma. Kila mwezi dunia yake ilizidi kuwa nyembamba, kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na karakana: mashine ya kukereza vyuma, mtungi wa kuchomelea, meza ndefu, na paa lisilovuja. Kepteni akatangaza:

"Nataka kuiona ndege yangu kabla macho hayajafunga duka. Si ile kubwa, hiyo ilishakuwa vyuma chakavu. Nitengenezeeni mfano wake, mkubwa, wa rimoti, wa petroli. Izunguke shamba la ngano, itue kwa magurudumu yake, nikiitazama. Atakayeifanya ipae na irudi, nampa ufunguo wa karakana. Iwe yake."

"Wakiwa wawili je, Mzee?" jirani mmoja akauliza.

"Mmoja. Mimi na ndugu yangu tuliachiwa karakana hii pamoja. Hiyo pamoja ndiyo iliyotupeleka kortini, mashine zikashika kutu mpaka yeye akafa. Ufunguo ni wa mtu mmoja."

Wa kwanza kufika alikuwa Gathitu. Huyu alisomea fasihi, akaishia kuunda makochi nje ya kibanda, mvua ikija anayafunika kwa nailoni. Mbao zilimtii. Na kurusha ndege alijifunza kwenye kompyuta ya saiba, mchezo baada ya mchezo, mpaka mwenye saiba akamwomba akacheze kwingine. Akaunda ndege: mbavu za mbao nyepesi, kitambaa kilichovutwa kikavutika, mabawa mapana kuliko kitanda cha watu wawili. Ilikuwa nzuri. Hata Jemeli, aliyekuja wa pili, aliizunguka mara kadhaa akitafuta pa kutukana, akapakosa.

Ikabaki injini.

Gathitu alikuwa ameshaichagua mtandaoni, na Kepteni akaagiza. Ikaja kwenye boksi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Jemeli akaishika mkononi.

"Hii ni nini? Mashine ya kunyolea ndevu?"

"Katalogi inasema inatosha ndege ya ukubwa huu."

"Katalogi iliandikiwa wapi? Ufukweni! My friend, hapa ni Molo, juu milimani. Maharagwe yenyewe yanakataa kuiva, unayachemsha tangu asubuhi mpaka kuni zinakuonea huruma. Kwa nini? Hewa yetu ni nyepesi. Injini inakula petroli na hewa. Ukiipunguzia hewa, umeipunguzia nguvu. Halafu angalia pua ya ndege hii ilivyo fupi. Mkia utaielemea. Utalazimika kufunga vipande vya risasi, ile metali nzito, mbele ili ikae sawa. Risasi haizungushi propela. Ni abiria wa bure."

"Kwa hiyo unasema..."

"Nasema wewe ni mtu wa mashairi. Isomee injini shairi, labda italia."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Lakini alikisema hivyo, na Gathitu, mtu mpole, akafunga masikio. Nani anafungua mlango ukipigwa teke? Akaifunga injini ile ile, akaongeza risasi mbele, wakaenda shambani.

Ndege ikakimbia. Ikakimbia. Ikainuka kimo cha goti, ikatweta kama mtu wa pwani anayepanda mlima wetu, kisha ikalala ubavu ndani ya seng'enge. Bawa la chini likavunjika.

Kepteni akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Imepaa? Sikuona vizuri."

Gathitu akaokota vipande kimoja kimoja, akavikunja ndani ya koti lake, akarudi kuunda bawa jipya. Jemeli alikuwa na sentensi nzima mdomoni, kali, iliyonolewa. Akamwona alivyobeba lile koti. Akaimeza. Ilikuwa mara ya kwanza, na ilishuka kwa shida.

Basi akaanza kutafuta injini.

Akaenda kwa fundi wa mashine za kufyekea nyasi. Akaishika injini, akaipima kwa mkono, akasema, "Nyepesi, na haina pumzi. Hapana."

Akaenda kwa fundi wa bodaboda. Akaishika, akaipima, mgongo ukalia. "Ina gia, ina mafuta ya kuogelea, nzito kama deni. Hapana."

Akaenda kwa mwenye pampu za maji. Hata hakuishika. Akaitazama tu. "Hii ilizaliwa kukaa chini. Hapana."

"Dada, wewe unatafuta injini au mume?" mwenye pampu akauliza.

"Injini. Mume hana haja ya kuwa na nguvu, nyinyi wote ni ushahidi."

Wakati anarudi, akasikia mlio kwenye miti ya misaiprasi. Si mlio wa kelele tupu: ulikuwa mlio wa kitu kinachobanwa na hakikati tamaa. Akaufuata. Akamkuta jamaa mmoja amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, anaitwa Obura, anaangusha mti kwa pawa soo kubwa, msumeno wa petroli, ile ya magogo.

"Simamisha," Jemeli akasema.

"Wewe ni wa serikali?"

"Ningekuwa wa serikali ningekuja na gari. Toa bapa na mnyororo wa meno unaozunguka juu yake, nataka kuipima injini."

Obura akacheka, lakini akavitoa. Wakaenda wote wawili mpaka karakana, wakamkuta Gathitu ameshamaliza bawa jipya. Wakatoa injini ya boksi, wakatoa na risasi zake, wakaning'iniza pawa soo kwenye pua. Jemeli upande mmoja, Gathitu upande mwingine, wakainyanyua ndege kwa ncha za vidole chini ya bawa la juu. Ndege ikatulia. Haikuinamisha pua, haikuinamisha mkia. Ikakaa hewani baina yao, sawa kabisa.

Gathitu akanong'ona, "Uzito ule ule tuliobeba bure."

"Sasa unafanya kazi," Jemeli akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini isiyo yake, "Ndege yako ni nzuri."

Lakini kuifunga kulihitaji kukata kasha la pawa soo, kukata mpini, kukereza kitako kipya. Ikishakuwa injini ya ndege, haitarudi kuwa msumeno. Na Obura hakuwa na kingine. Mkewe, Akeyo, alikuwa mjamzito, akaja mbio amejishika kiuno.

"Obura, tutakula ndege?"

Obura akaitazama ile mashine, akamtazama Kepteni aliyekuwa anapapasa bawa kwa vidole kama anayesoma uso wa mtu.

"Mama, huyu mzee ana muda gani wa kuona? Mimi ninayo miaka ya kutafuta msumeno. Yeye hana miaka ya kutafuta macho." Akamgeukia Jemeli. "Dada, kata. Kata kabla sijapata akili."

Wakakata.

Jemeli akachagua propela ndefu, ya kuzunguka polepole, kwa sababu ndege ya mabawa mawili hukinzana sana na hewa, inasukumwa kama kabati, haichomwi kama sindano. Cheche za plagi ya injini zilivuruga redio ya rimoti, akahamisha kipokezi nyuma karibu na mkia, na Gathitu akachonga ufito wa mbao wa kuvutia kabureta badala ya waya unaobeba mvurugo huo. Obura akawafundisha hasira za mashine yake: asubuhi ya baridi inataka nini, ikipata moto inataka nini.

Siku ikafika. Watu wakajaa ukingoni mwa ngano. Kepteni kwenye kiti. Obura akavuta kamba, injini ikanguruma. Gathitu na rimoti. Ndege ikakimbia, na kabla hata watu hawajaanza kuishangilia, ikawa juu.

Ikapanda. Mlio ule mzito, wa taratibu, ukapita juu ya vichwa. Kepteni akasimama. Alikuwa akiifuata kwa lile tundu lake dogo la kuonea, shingo inazunguka, na machozi yanaingia kwenye ndevu. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo. Anakunja kulia. Mwone, anakunja kulia."

Ikazunguka shamba lote. Ilipokuwa inarudi, ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Unajua ndege ya mabawa mawili ikizimika? Haielei. Inaanguka kama tofali lenye heshima. Watu wakapiga kelele, "Vuta juu! Vuta juu!" Jemeli mwenyewe akapiga kelele, "Iinue, Gathitu!" Gathitu hakumsikiliza mtu. Akaielekeza pua chini, moja kwa moja kwenye ardhi, wanawake wakaziba macho. Ikashuka, ikapata mwendo, na ilipobaki kidogo tu igonge, akaivuta taratibu. Magurudumu yakagusa majani. Ikabiringika mpaka miguuni pa Kepteni, ikasimama.

Jemeli akafungua kifuniko. Bomba la petroli lilikuwa limechomoka. Injini ya silinda moja, kubwa namna ile, hutetemeka kama mwenye homa. Ilikuwa imelitikisa mpaka likaachia.

Kepteni akatoa ufunguo mfukoni. "Ni nani?"

Gathitu akasema, na hakuwahi kusema kwa sauti kubwa hivyo: "Mzee, ulisema ipae na irudi. Kupaa, yeyote mwenye injini angeipaisha. Nani aliirudisha? Injini ya Jemeli ilikufa angani, kwa mtetemo wake yenyewe. Kila mtu hapa alitaka niinue pua, na yeye injinia mwenyewe. Ningemsikiliza tungekuwa tunaokota kuni. Ndege niliiunda mimi, nikaiunda tena ilipovunjika, nikaiokoa. Wenzangu wana paa. Mimi makochi yangu yanalala kwenye mvua."

Jemeli akasema: "Kweli, uliishusha. Ungeishusha kutoka wapi isingepanda? Ulikuwa na mikono hiyo hiyo siku ya kwanza, ikaishia kwenye seng'enge. Kilichobadilika ni injini. Mimi nilisema mapema, nikapuuzwa. Nikaitafuta, nikaipata, nikaifanya iongee na redio. Bomba limechomoka, sawa, hilo ni la kufunga klipu. Uchaguzi haufungwi kwa klipu. Na mkinipita leo, wakala anatuma gari. Nitaenda kuosha sahani za watu wasiojua jina langu. Si vitisho. Ndivyo ilivyo."

Obura alikuwa hataki kusema. Akeyo akamsukuma.

"Mimi sina Kiingereza cha kujitetea," akasema. "Lakini Gathitu akikosa, bado ana randa na nyundo. Jemeli akikosa, bado ana kichwa chake, hakuna anayeweza kukikata. Mimi nilichokuwa nacho kimekatwa, mmekiona, kiko pale kwenye pua ya ndege. Mwenye ujuzi alitoa ujuzi na bado anao. Mimi nilitoa, na sinacho."

Watu wakaanza kelele. Huyu anasema mwenye kuirudisha, yule anasema mwenye kuchagua, wazee wanasema mwenye kutoa, vijana wanasema apewe mjamzito yamalizike. Kepteni akainua mkono.

"Jemeli. Wewe hujawahi kukosa neno. Jitoe kwenye mashindano kwa dakika moja, unishauri kama binti yangu. Nimpe nani?"

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Jemeli: wakala. Akaiacha itetemeke. Akaitazama mikono ya Gathitu, ambayo mpaka sasa ilikuwa bado imekaza rimoti. Akamtazama Akeyo na tumbo lake. Akaitazama injini, chuma alichokisikia mwituni kabla hajakiona. Akafungua mdomo. Na Jemeli yule, ambaye Molo nzima ilikuwa ikimkwepa sokoni, akajikuta hana hata neno moja.

Kepteni bado ameunyosha ufunguo, mkono unaanza kumchoka, na jicho lake linafifia. Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza, mnaojua kila kitu cha watu wengine, mmoja wenu ainuke amsaidie huyu binti: ufunguo ni mmoja, je, ni wa aliyeichagua injini, ni wa aliyeitoa, au ni wa aliyeirudisha ndege ilipozimika?