Mfarishi wa Pembe Tano

Nimetumiwa hii na mtu ambaye naye alitumiwa. Mwenyewe wa kwanza hajulikani, na haidhuru. Isome polepole, kisha mpelekee binti yeyote aliyechumbiwa. Mpelekee na kijana aliyechumbia, yeye hasa.

Palikuwa na mji mmoja ambao binti haolewi mpaka ashone mfarishi. Mfarishi ni tandiko la viraka vya kanga kuukuu, vyote vimekatwa kwa umbo moja na kuunganishwa ukingo kwa ukingo. Mwenye kuchagua umbo ni mama mkwe. Wengi walichagua mraba, yaishe. Wenye madaha walichagua pembe sita, kama vyumba vya nyuki. Siku ya ukaguzi, mashangazi wa bwana harusi walipitisha viganja juu ya kazi yote. Wakikuta ufa au mkunjo, posa inarudishwa.

Katika mji huo Mwanakheri alichumbiwa na Shaibu, fundi ujenzi, na alimpenda kweli. Tatizo lilikuwa mama yake Shaibu, Bi Ramla. Huyu alikwisha kumchagulia mwanawe mke, binti wa dada yake. Kuikataa posa hadharani aliogopa, watu wangemsema. Basi akatumia mila.

Siku ya kutoa umbo akamkabidhi Mwanakheri kigezo cha ubao chenye pande tano zilizo sawa.

"Mkwe wangu, nataka pembe tano tupu," akasema. "Umbo jingine usichanganye. Ufa sitaki, mkunjo sitaki."

"Nimesikia, mama."

Maskini, hakujua alichopewa. Viraka vitatu vya pembe tano ukivikutanisha kona kwa kona, hubaki upenyo. Ukitaka kutia cha nne, hakiingii. Mwanakheri alipanga mkekani, akapangua, akageuza huku na huku. Upenyo ulikuwa pale pale. Alilia hadi mama yake akachoka kumbembeleza.

"Mwanangu, hiyo si posa, ni kesi," mama akamwambia. "Warudishie watu kitu chao tupumzike."

"Nikirudisha nimemkosa Shaibu, mama."

Shaibu mwenyewe alipita kusalimia, akamkuta amekaa katikati ya viraka, macho mekundu. Alisimama mlangoni akivitazama kwa muda.

"Jitahidi tu," akasema. "Mungu yupo."

Akaaga, akaenda zake.

Siku ya ukaguzi ikakaribia. Mwanakheri, kwa hasira zaidi kuliko akili, akauvuta ule upenyo kwa nguvu na kuushona ukingo kwa ukingo. Kitambaa kikainuka katikati kama kofia. Alitaka kukifumua, kisha akaona jambo: hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Akaongeza kiraka, kikazidi kupinda. Akaongeza kingine. Tangu hapo akaacha kukilazimisha kilale, akawa anakifuata kinakotaka kwenda.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa wanawake. Wanaume wachache wa nyumba ile walikaa nyuma, Shaibu akiwa miongoni mwao. Bi Ramla alikaa mbele, ametulia tuli, na dada yake kando. Mwanakheri akaingia bila tandiko lolote. Mikononi alikuwa na mpira mkubwa wa kanga, umeshindiliwa pamba.

Watu wakaguna. Shangazi Mize, mkubwa wa mashangazi, akaupokea. Akaugeuza, akapitisha kiganja kwenye kila mshono. Ulikuwa na viraka kumi na viwili, vyote vya pembe tano.

"Ufa hakuna," akasema. "Mkunjo hakuna."

"Mfarishi gani huo wa kuviringika?" Bi Ramla akafoka. "Utamfunika nani?"

"Mama, ulisema pembe tano tupu, bila ufa, bila mkunjo," Mwanakheri akajibu kwa adabu. "Hukusema ulale chini. Nami niliuomba sana ulale, ukakataa."

Shangazi Mize akacheka mpaka akashika mbavu. "Wifi yangu, umelikoroga, linywe! Umbo ulichagua wewe. Mimi naona binti amepita."

Vigelegele vikapigwa. Dada yake Bi Ramla akajifunga kanga vizuri na kutoka bila kuaga.

Shaibu hakuweza kujizuia. Aliruka kutoka nyuma, uso umejaa furaha.

"Jamani, huyu ni mwanamke wa shoka!" akasema kwa sauti. "Mimi nilikata tamaa siku ile ile alipopewa kigezo. Pembe tano hazijazi sakafu! Mtu yeyote anayepanga vigae anajua. Nilisema hapa hatoki, kwisha habari yake!"

Alikuwa akicheka peke yake. Mwanakheri alikuwa anamtazama.

"Ulijua, Shaibu?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Uliponikuta nalia, ulijua?"

Shaibu akatazama chini. "Mwanakheri, ningefanyaje? Mama ni mama. Na si umeshinda? Yameisha."

Mwanakheri akavua pete ya uchumba, akaiweka mkekani mbele ya Bi Ramla. Alikuwa bado anampenda, na iliuma.

"Mama, wewe sikulaumu," akasema. "Ulitaka nishindwe, na ulifanya kazi yako. Mwanao ndiye aliyetaka nishinde, akaniacha peke yangu."

Basi siku ile posa ilirudishwa, na aliyeirudisha si shangazi yeyote. Ni bibi harusi mwenyewe, baada ya kufaulu.

Funzo: Aliyekufungia mlango si wa kuogopwa sana, mwogope mwenye ufunguo mfukoni anayekuombea dua huku wewe unahangaika kubisha.