Kifuu Shingoni mwa Mize

Hadithi hii aliitoa kwanza Bibi Time binti Pandu, mwaka ule nzige walipomaliza mtama, akiwaliwaza wajukuu jioni chungu kikichelewa kuiva.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mwalimu na aibu yake.

Basi, katika kijiji cha Mvuleni, Bi Kazija aliwafundisha watoto aina za maneno. "Jina! Kitenzi! Kivumishi!" Watoto wakaitikia kama kasuku. Aliyekosea alivikwa kifuu cha nazi shingoni, wenzake wakamcheka.

Kijijini humo kifuu kilikuwa na kazi nyingine. Mbuzi aliyetolewa kwa zimwi la msituni alivikwa kifuu, ili zimwi limjue wake na lisiguse wa watu. Bi Kazija alilijua hilo. Alisema, "Mbuzi ni mbuzi, mtoto ni mtoto. Kwani zimwi halina macho?"

Siku moja alimuuliza Mize, binti wa mjane Shadya, "'Kimbia' ni neno gani?"

Mize akasimama. "Ni jina, Mwalimu."

"Jina la nani? La babu yako?"

Watoto wakaangua kicheko. Kifuu kikaenda shingoni.

Adhuhuri Shadya akaja. "Mwalimu, mwanangu hajarudi."

Bi Kazija akautazama msumari ukutani, mahali pa kifuu. Mtupu. Alitaka kusema, "Sijui." Lakini akasema kweli.

"Nilimvika kifuu, Shadya. Nikasahau kumvua."

Shadya hakulia. "Nenda kamlete."

Basi akaenda msituni. Akalikuta zimwi linachochea moto, Mize kakaa kando ya chungu.

"Babu Zimwi, nirudishie mtoto."

"We mama wee! Umenivalishia mwenyewe, sasa wanidai? Mbuzi wa juzi mbona hukumdai?" Zimwi likacheka mpaka majani yakapukutika. "Haya, si wewe mwalimu? Mfundishe hapa hapa. Akizijua aina za maneno kabla maji hayajachemka, mchukue. Asipozijua, ni kitoweo."

Bi Kazija akafoka, "Mize! Kitenzi ni nini?" Mize akatetemeka, neno halikutoka. Maji yakatoa mvuke.

Akafoka tena, "Mize! Kitenzi ni nini?" Mize akatetemeka, neno halikutoka. Maji yakaanza kunguruma.

Akafungua kinywa mara ya tatu, ndipo akaona macho ya mtoto. Hayakuwa yakilitazama zimwi. Yalikuwa yakimtazama yeye.

Aibu ikamshika mwili mzima. Akamvua Mize kifuu, akakivaa mwenyewe.

"Ukikivaa, wewe ndiye wangu," zimwi likasema.

"Najua." Akapiga magoti. "Mwanangu, tucheze. Nikitaja jina, lishike. Nikitaja kitenzi, kitende. Nikitaja kivumishi, kiigize. Jiwe!"

Mize akashika jiwe.

"Ruka!"

Mize akaruka.

"Mnene!"

Mize akavimbisha mashavu. Bi Kazija naye akavimbisha yake, kifuu kikimgonga kidevuni. Mize akacheka.

"Kisigino!"

Mize akashika kisigino cha zimwi. Zimwi likatekenyeka, likapiga kelele, "Na mimi! Na mimi!"

"Bovu!" akasema Mize.

Zimwi likatoa nje meno yake yote mabovu. Kisha likakumbuka chungu, likamkazia mtoto macho. "Na 'tafuna' je?"

"Kitenzi, Babu!" Na Mize akatafuna hewa, *nya nya nya*, mbele ya pua yake.

Zimwi likaguna. "Mchukue."

"Na mimi?" akauliza Bi Kazija.

Zimwi likamnusa. "Nyama yenye aibu ni chungu. Nenda nayo. Ila pita katikati ya kijiji, hivyo hivyo ulivyo."

Wakarudi. Mize akatangulia, hakumpa mkono. Watoto walikuwa wamekaa vibarazani. Bi Kazija, kifuu shingoni, akangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Waliinamisha macho, kila mmoja akaishika shingo yake.

Basi hapo ndipo akalia.

Shadya akampokea mwanawe, akafunga mlango.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Shadya. Mwenye la kuongeza aongeze lake. Anayemwaibisha mtoto ili ajue, humfundisha aibu tu.

Bi Kazija alikufa. Shadya alikufa. La zimwi hatujui. Mize yu hai.