Mbogo Alipomteua Mamba Kulinda Kivuko

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, mlioketi kulia!

Pakawa!

Paukwa, mlioketi kushoto!

Pakawa!

Haya. Mmeitika kwa sauti moja, basi hadithi inaweza kupita katikati. Wenye watoto wapakateni. Wenye usingizi lazeni vichwa, maana hadithi hii humwingia vizuri aliyefumba jicho moja.

Hapo zamani za kale, zamani ya ukungu, palikuwa na bonde. Ukungu wa bonde hilo ulilala mpaka jua likachoka kuuamsha. Ulitambaa, ukapanda, ukashuka. Miti ilielea. Vilima vilielea. Ukimwita jirani, sauti yake ilikuja kwanza, kisha pembe, kisha masikio, na mwenyewe akafika mwisho, taratibu, kama mtu unayemkumbuka.

Katikati ya bonde ulipita mto. Ng'ambo hii waliishi watu wa Matete. Ng'ambo ile waliishi watu wa Vichaka. Nasema watu, lakini walikuwa na kwato na mikia. Ila mkiwasikia wakibishana mtaisahau hiyo mikia.

Upande wa Matete aliishi Bi Tohe, swala wa matetini, miguu myembamba, macho mapana. Alikuwa na mtoto mmoja, Kidete, masikio makubwa kuliko akili. Upande wa Vichaka aliishi Bi Pongo, swala wa vichakani, mgongo una vidoa vyeupe kama aliyerushiwa unga jikoni. Hawa wawili walikuwa mashoga tangu utotoni, na kazi yao ilikuwa moja. Tohe akiona hatari alipiga mluzi: fyuuu! Pongo akiona hatari alibweka: bwee! Ukisikia fyuuu, unakimbia. Ukisikia bwee, unakimbia. Hakuna aliyesimama kuuliza sauti imetoka ng'ambo gani. Miguu ilikuwa tayari imekwenda.

Ikafika zamu ya kumpata mtawala. Matete wakamtaka Mbogo. Vichaka hawakumtaka Mbogo. Wakapiga kelele, wakapiga kwato, ti-ti-ti, vumbi likachanganyika na ukungu, bonde likawa uji. Mbogo akashinda. Matete wakacheza. Vichaka wakanuna. Mpaka hapo hakuna ajabu, ndivyo inavyokuwa.

Ajabu ilianza Mbogo alipotaja wasaidizi wake. Alisimama topeni, mabega kama kilima, akasema: "Kabla sijaketi juu ya Mwamba, sikieni. Tabibu Mkuu atakuwa Kupe."

Kimya.

"Msimamizi wa Mchana atakuwa Popo."

Mtu akakohoa.

"Na Mlinzi wa Kivuko atakuwa Mamba."

Lo! Vichaka wakalipuka. Nyani, msemaji wao, akaruka tawi hili, akaruka tawi lile. "Kupe awe tabibu? Kupe?"

Ngiri, msemaji wa Matete, akainua mkia wake wima. "Kuna anayeijua damu kumshinda Kupe? Ameishughulikia tangu azaliwe."

"Popo analala mchana!"

"Ndiyo maana hana upendeleo. Mchana hajawahi kuuona."

"Na Mamba? Mamba anawala wanaovuka!"

"Basi anawajua kwa karibu. Halafu wewe Nyani, mbona una domo leo? Ninyi mlipotawala mlimweka nani kulea watoto wetu? Si Chui?"

"Chui alikuwa na sifa zake!"

"Zipi? Madoa?"

"Afadhali madoa kuliko meno!"

"Kwani Chui kibogoyo?"

Wakaenda hivyo. Asubuhi wakaenda, jioni wakaenda. Ulikuwa ukilala unawasikia, ukiamka unawasikia, hata hujui ipi ilikuwa ndoto.

Bi Tohe hakucheka. Kiangazi kilikuwa kimefika. Nyasi za Matete zilikuwa zimebaki fimbo, na majani mabichi yalikuwa ng'ambo ile, kama kila mwaka. Ilikuwa lazima kuvuka. Kiangazi kilichopita alivuka na dada yake. Waliingia majini wakiwa wawili, akatoka peke yake. Upande wake walimpa pole, wakasema ni maji tu, maji yana bahati mbaya. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Kidete kuvuka kwa mara ya kwanza.

Akamwendea Ngiri. "Shemeji, nina neno. Huyu Mamba..."

"Shemeji yangu! Hata wewe?" Ngiri akatazama huku na huku. "Sema polepole. Vichaka wakisikia mtu wetu ana shaka, watashangilia."

"Lakini mwanangu atavuka pale."

"Atavuka, inshallah. Sasa hivi tuwe kitu kimoja. Mambo ya Mamba tutayasema baadaye, tukiwa wenyewe."

"Baadaye lini?"

Ngiri alikuwa amemwona Nyani juu ya tawi, akakimbia kwenda kumtukana.

Tohe akashuka mtoni. Ng'ambo ya pili vidoa vyeupe vikatokea ndani ya ukungu, kisha Pongo mwenyewe. Walitazamana. Walikuwa hawajasalimiana tangu Mbogo ashinde.

"Umefurahi?" Pongo akauliza. "Mmepata mlinzi."

"Usinianze, shoga. Chui alipowekwa kulea watoto, ulikataa?"

Maji yakapita. Jani moja likapita juu ya maji.

"Nilikunywa," Pongo akasema mwisho. "Wenzangu wote walikunywa."

Sasa hapo msipaelewe vibaya. Katika bonde hilo palikuwa na desturi. Mtawala hakuketi juu ya Mwamba mpaka wateule wake waletwe mtoni mbele ya wote. Siku hiyo hakuna anayeonja maji kabla ya shughuli. Mteule analala kwenye kisiwa cha mchanga, katikati ya kivuko, aonekane. Pande zote zinashuka. Mwenye kukubali anainama anakunywa. Mwenye kukataa anainama, analoweka pua tu, anainuka na kiu yake mpaka kesho. Na Chura, mpiga mbiu, anakaa juu ya jiwe anasikiliza kipi kimezidi, mfyonzo wa wanaokunywa au kimya cha wasiokunywa. Waliotunga desturi hiyo walikuwa na busara. Walijua kukataa kunatakiwa kuume kidogo. Hawakujua tu kwamba wajukuu wao watakuwa wanachungulia jirani anafanya nini kwanza.

Siku ikafika. Jua kali lilikuwa limekausha koo za bonde zima tangu juzi yake, na ukungu ukashuka mzito kuliko ukungu wote. Kupe akapita. Popo akapita, akiwa amelala. Matete walikuwa wengi, wakanywa fundo moja kwa kila mmoja, jinsi ya kuitikia tu, wakabaki na kiu. Mbogo akatabasamu ndani ya ukungu. Mnajuaje alitabasamu? Mimi nawaambia.

"Mamba!" Chura akaita. "Kroo! Mlinzi wa Kivuko!"

Wote wakageuka kwenye kisiwa cha mchanga. Hakuna aliyeona kisiwa. Palionekana weupe tu, weupe unaopumua.

"Mamba yupo?" Chura akauliza.

"Yupo, yupo," Ngiri akajibu haraka. "Amelala kwa heshima."

"Inameni!"

Vichwa vikashuka. Bi Tohe naye akainama, Kidete ubavuni mwake, ulimi nje kwa kiu. Na hapo Tohe akaona jambo. Ukungu haukugusa maji. Uliishia juu yake kidogo, kama pazia lililokatwa fupi. Chini ya pazia palikuwa peupe na safi, mto mzima, mpaka ng'ambo. Aliona miguu ya Vichaka imepangwa mstari. Aliona miguu ya Pongo, myembamba, haitikisiki. Kulikuwa tulivu huko chini, tulivu hivi kwamba Tohe alisahau kidogo yuko upande gani. Ilikuwa miguu tu na maji.

Kisha akaangalia kisiwa cha mchanga. Kilikuwa kitupu.

Hakupata muda wa kufikiri. Ng'ambo ile, Pongo akabweka.

"Bwee! Bwee!"

"Msisikilize!" Ngiri akapaza sauti. "Kelele za walioshindwa hizo! Wanataka tuinue vichwa! Kunyweni!"

Na Matete hawakukimbia. Sikilizeni vizuri hapo. Tangu enzi za mababu, bwee ikilia miguu inakwenda. Siku ile miguu iliuliza kwanza: bwee ya nani? Ikasimama. Wakainamisha vichwa zaidi, mfyo, mfyo, mfyo, na Kidete naye, mtoto wa watu, akanyoosha shingo kwenye maji kunywa kama wakubwa.

Bi Tohe alisikia sauti mbili, ya Ngiri na ya Pongo. Moja ilikuwa ya upande wake. Nyingine aliifahamu tangu alipokuwa na ukubwa wa Kidete. Haikuwahi kumdanganya, hata walipokuwa hawasemezani.

Akamkumba mwanawe kwa kichwa. Pu! Kidete akazunguka, mkia ukapepea juu ya maji, akaangukia matopeni.

Kwapu!

Taya zikafungana juu ya maji pale shingo ilipokuwa. Mto ukachafuka. Tohe akatupa kichwa nyuma, akapiga mluzi mpaka ukungu ukatetemeka: "Fyuuuu!" Pongo akajibu: "Bwee!" Na sasa, mwisho wa mwisho, kwato zikakumbuka kazi yake. Ti-ti-ti-ti-ti, Matete juu, Vichaka juu, Nyani ameangukia mwiba, Popo bado amelala.

Kidete alikuwa mzima. Mkia wake mweupe ulikuwa na upungufu kidogo wa nywele.

Ukungu ukaanza kupasuka. Mamba akaonekana amelala juu ya mchanga, kwa heshima, kama hajawahi kuondoka.

"Mmeona?" Tohe akahema. "Mmeona wenyewe?"

Ngiri akakuna shingo. "Tumeona nini, shemeji? Palikuwa na ukungu. Lilikuwa gogo."

"Gogo lenye meno?"

"Magogo mengine yana mabanzi."

"Na nywele za mkia wa mwanangu katikati ya meno yake?"

Ngiri akamtazama Mamba. Akamtazama vizuri. "Gogo," akasema, sauti imepungua, "limeota ukoka."

Ng'ambo ile nako hakukuwa na sherehe. Nyani alikuwa amemkabili Bi Pongo, anachomoa mwiba huku anamfokea. "Umefanya nini? Nani alikwambia ubweke? Ungemwacha huyo Mamba afanye yake mbele ya watu wote, leo tungekuwa tumemaliza ubishi! Tungekuwa na ushahidi!"

"Ushahidi ni mtoto wa shoga yangu," Pongo akasema.

"Ni mtoto wa Matete."

Pongo akamwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwonea wapi. Kisha akageuka, akakaa peke yake kwenye ukingo.

Chura akarudi juu ya jiwe lake. Desturi ni desturi. "Kroo! Inameni tena!"

Wakainama. Bi Tohe akaingiza pua majini. Maji yalikuwa baridi, matamu, koo lake lilikuwa kama gamba. Wenzake walikuwa wanamtazama pembeni mwa macho. Chini ya ukungu uliobaki aliona miguu ya Pongo. Haikunywa, na haikuwa na furaha ya kutokunywa. Tohe akainua kichwa, pua inatiririka, midomo mikavu, na akamwinua Kidete naye.

"Mama, nina kiu."

"Najua, baba. Hata mimi."

Mfyo, mfyo, mfyo. Matete wengine wakanywa. Si wote kama zamani. Pofu mmoja, swala mkubwa kuliko wote, alinyanyua kichwa, kisha kuro wawili, swala wa kando ya maji, wakatazamana wakaacha. Lakini waliokunywa walitosha. Chura akasikiliza, akameza mate, akatangaza: "Mamba amepita!" Mbogo akaketi juu ya Mwamba. Mwamba ukalalamika kidogo.

Basi ndivyo Mamba alivyokuwa Mlinzi wa Kivuko. Mlitaka nidanganye? Sidanganyi.

Lakini kesho yake, jua lilipopanda, Bi Tohe alisimama juu kidogo ya kivuko, mahali penye mawe, ambapo kuvuka ni taabu. Akapiga mluzi mfupi: fyu? Ng'ambo ile, Bi Pongo akainamisha kichwa mpaka chini ya ukungu. Akatazama juu ya mto, akatazama chini ya mto. Akajibu polepole: bwee, bwee, jinsi walivyokuwa wakiitana utotoni, kwa maana ya njoo, pako salama. Tohe akaingia, Kidete ubavuni mwake. Mawe yakateleza. Maji yakapanda tumboni, yakashuka. Wakafika. Walikuwa wawili walipoingia, wakawa wawili walipotoka.

Yule pofu akaona, akafuata. Wale kuro wakafuata. Baadaye, bila kuulizwa na mtu, alifuata Ngiri, mkia wima, akisema anapita tu kukagua mawe.

Na kivukoni, Mamba alikaa kwenye mchanga wake, na cheo chake, mdomo wazi. Alingoja. Ukungu ukaja, ukaondoka, ukaja. Hakuna aliyekuja. Wanasema alikonda sana kazini, na Mbogo akamsifu kwamba tangu awekwe pale hakuna aliyekufa kivukoni.

Funzo lake, wakubwa kwa wadogo, ni hili: mtu akikuonya, kimbia kwanza, halafu ndiyo uulize ni wa upande gani. Na anayekuomba unyamaze kuhusu meno kwa sababu meno ni ya kwenu, mtazame mara mbili, maana shingo itakayotumika si yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mawe, miguu bado imelowa. Mlioketi kulia, wapisheni wa kushoto wapite. Mlioketi kushoto, wapisheni wa kulia. Mlango ni mmoja.