Pua ya Junaidi, Mjuzi wa Udi Asiye na Nyumba

Tulihadithiwa, na waliotuhadithia walihadithiwa na wengine, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo, lakini wote walikula kiapo, basi nasi tuwaamini ili tupate kuendelea: kwamba katika mji wa Rihani alitawala sultani aitwaye Mudhaffar bin Ghassan, mtu mwadilifu kadiri masultani wanavyoweza kuwa waadilifu, na mji wake ulikuwa mji wa manukato, na ubani na zafarani na mawardi vilishushwa sokoni mwake kila kukicha, na juu ya vyote hivyo ulikuwako udi, ambao watu wa Rihani waliupenda kuliko dhahabu, na bibi harusi asiyefukizwa udi wa kweli alihesabiwa kuwa hajaolewa bado.

Na kwa kuwa udi ni mti, na mti huigwa, wako waliochukua mti wowote wakauchovya katika mafuta, wakauanika, wakauuza kwa jina la udi. Ndiyo maana mji ulikuwa na wajuzi, ambao kazi yao ilikuwa kukata kipande, kukiweka juu ya makaa, kuunusa moshi unavyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kusema: huu wa kweli, huu wa uongo. Lakini ilikuwa desturi ya Rihani kwamba kila mjuzi akae chini ya paa la tajiri fulani, ale chakula chake, na aseme kwa jina la nyumba yake. Na ajabu ya pua za wajuzi hao ni kwamba udi wa tajiri wao haukupata kunuka vibaya hata mara moja.

Mmoja wao alikuwa Junaidi bin Harithi, na tajiri wake alikuwa Khuzeima, mwenye maghala makubwa na ndevu zilizopakwa hina. Siku moja Khuzeima alimwekea mbele kipande cha udi, na Junaidi akakichoma, akasema, "Bwana wangu, huu ni mti wa kuni uliokoga mafuta." Khuzeima akatabasamu, akasema, "Nusa tena, mwanangu." Akanusa tena, akasema vilevile. Khuzeima akasema, "Nusa mara ya mwisho, na ukumbuke unakula kwa nani." Junaidi akasimama, akavaa makubadhi yake, akatoka, na hakurudi.

Akatandika mkeka karibu na wafua shaba, akaketi kungoja wateja. Watu wakapita, wakamtazama, wakauliza, "Wewe mjuzi wa nani?" Naye akajibu, "Mimi ni wa pua yangu." Wakacheka, wakaenda zao, kwa sababu mjuzi asiye na nyumba katika mji ule alikuwa kama imamu asiye na msikiti. Alikuwa na ujuzi wote uliohitajika, na hakuna aliyeutaka, na hilo lilimuuma kuliko njaa, ingawa njaa nayo haikuwa mbali.

Na kwa kuwa chetezo alichokitumia zamani kilikuwa mali ya Khuzeima, alikwenda kwa muuza vitu vikuukuu akanunua kingine, cha shaba iliyoota kutu ya kijani, akatia makaa, akaweka kipande cha udi ili akijaribu. Moshi ukapanda, ukajikunja, ukawa na mabega, kisha kichwa, kisha sauti iliyosema, "Labeka, ewe mwenye chetezo! Mimi ni Tartushi, jini niliyefungwa humu na mfalme aliyechoka na maneno yangu. Nimeamrishwa nimtumikie kwa haja moja kila anayeniamsha. Taja haja yako, na usiniombe kasri, maana nimejenga makasri mengi na yote yanavuja."

Junaidi akajikaza, akasema, "Ewe Tartushi, sitaki kasri. Nataka kila nitakaposema neno juu ya udi, atakayelisikia aliamini."

Jini akakuna kidevu. "Haja hiyo ni ndogo, nayo ni mbaya. Nikikushauri, omba pua isiyochoka."

"Pua ninayo," akasema Junaidi. "Ninachokosa ni watu wa kuiamini."

"Haya, lako hilo," akasema jini, akapuliza moshi mdomoni mwa Junaidi, na jambo likawa.

Siku ile ile akapita mwanamke mwenye kifurushi, na Junaidi akachoma kipande, akamwambia, "Mama, udi wako ni wa kweli." Mwanamke yule akaamini kwa moyo wote, akaenda akawaambia shoga zake, nao wakaja, akawaambia yao, wakaamini. Mwezi haukuisha ila mkeka ulikwisha kuwa zulia, na zulia likawa duka, na duka likawa baraza yenye nguzo, na matajiri walituma masanduku yao kwake kabla hata hayajafunguliwa, na wajuzi wa nyumba kubwa wakaja kumpa salamu kwa mikono miwili. Na mwanzoni, tumpe haki yake, kila alilolisema lilikuwa kweli.

Lakini pua ni kiungo, si kisima. Mjuzi yeyote wa udi anajua kwamba baada ya vipande kadhaa pua hufa ganzi, na mtu anapaswa kutoka nje, anuse hewa tupu, na akichoka sana alale mpaka kesho. Junaidi alilijua hilo tangu ujana wake. Ila sasa mlangoni palikuwa na msafara wa watu tangu alfajiri, na kila mmoja alikuwa na haraka, na Junaidi aliona haya kumwambia mtu arudi kesho, akichelea watu wasije wakasema ameshindwa. Basi akawa ananusa bila kusikia harufu, na kusema bila kujua, na watu wakiamini, na hakuna aliyerudi kulalamika, kwa maana hata mtu aliyefukiza chumba chake kikanuka lami alijiambia kwamba udi wa kweli ndivyo unavyonuka.

Ikawa Sultani Mudhaffar anamwoza mwanawe, na udi wa harusi ukaletwa na wafanyabiashara wawili, Khuzeima na mzee mmoja mpole aitwaye Abidini, kila mmoja na sanduku lake, na ikavuma kwamba sanduku moja lina udi wa uongo. Sultani akaghadhibika, akamwita Junaidi barazani wakati wa alasiri, naye alikuwa amenusa tangu asubuhi. Akachoma kipande cha sanduku la kwanza, asinuse kitu. Akachoma cha la pili, asinuse kitu. Wazee wa baraza wote wakamkodolea macho. Neno la kusema lilikuwa moja tu, nalo ni "sijui leo", na hilo aliona haya kulisema. Akanyoosha kidole bila hakika yoyote, akasema, "La uongo ni la Abidini."

Wakaamini wote. Na la kusikitisha zaidi, Abidini mwenyewe akaamini. Akajipiga kichwani, akalia, "Ole wangu, kumbe nimemdanganya Sultani nami sijijui!" Sultani akahukumu kwamba Khuzeima apewe duka la mzee, na mzee mwenyewe afukuzwe mjini Ijumaa baada ya sala, asirudi maisha yake yote.

Abidini alikuwa na binti aitwaye Safura, ambaye homa ilimpokonya masikio angali mdogo, akabaki na ulimi wake na akili yake, na alizoea kusoma midomo ya watu, na hakuna aliyeweza kumsengenya mbele yake. Safura aliingia barazani kwa Junaidi asubuhi ya pili bila kubisha hodi, akaweka vipande viwili vya udi mbele yake, akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia:

"Hiki cha baba yangu. Hiki cha Khuzeima. Cha Khuzeima kinanuka mapipa ya mafuta. Nimewapelekea majirani, wamesema Junaidi amekwisha sema. Nimempelekea baba yangu, nimemshikia chetezo chini ya pua, analia na kuniambia kwamba yeye ni mwongo. Mji mzima umeingiwa na nini, hata mtu aamini maneno kuliko pua yake?"

Junaidi akaviinamia vipande vile. Alikuwa ndiyo kwanza ameamka, na pua yake ilikuwa imepumzika. Akachoma vipande vyote viwili, akanusa. Kila neno la binti yule lilikuwa kweli, naye alikuwa mtu wa kwanza kumpinga tangu siku ya chetezo, kwa kuwa uganga wa jini ulipita masikioni, na masikio hayo yeye hakuwa nayo. Junaidi akaona aibu, aibu ya kweli, isiyomwacha mtu ainue macho.

Safura alipoondoka, Junaidi akatia udi chetezoni, akamwita jini. "Tartushi, futa niliyoyasema."

"Sifuti," akasema jini. "Haja yako ilikuwa moja. Lakini neno lako lingali na nguvu. Nenda ukaseme kwamba Khuzeima alibadilisha masanduku. Wataamini. Hata Khuzeima ataamini, atakiri kwa kinywa chake. Mzee atasalimika, na jina lako litang'aa kuliko jana."

"Na nikisema kwamba ni mimi niliyekosea?"

"Wataamini hilo pia, na kwa nguvu ile ile. Wataamini kwamba Junaidi hukosea, na imani hiyo itaimeza iliyotangulia yote, nami nitakuwa huru. Kesho yake hutapata hata wa kumnusia ubani wa kufukuzia mbu."

Ushauri ule wa kumsingizia Khuzeima ulikuwa mtamu, na asiyeuona utamu wake hajawahi kuwa na duka. Junaidi akauwaza, akauwazua, na kila alipoukaribia akamwona mzee Abidini akilia kwa kosa asilolitenda, na sasa angekuwako na mwingine wa kulia kwa hila asiyoifanya. Khuzeima alikuwa mwizi, lakini mwizi wa jambo jingine.

Ijumaa ikafika, na watu wakajaa mbele ya kasri, na Abidini akatolewa na mzigo wake mgongoni. Junaidi akapita katikati ya askari, akainama mbele ya Sultani, akasema:

"Ewe Seyyidi yangu, Mola akuzidishie umri na afya. Mimi, mtumwa wako Junaidi bin Harithi, niliyehukumu juu ya masanduku ya harusi, sikunusa chochote siku ile, kwa sababu pua yangu ilikuwa imechoka, nami niliona haya kukiri. Nilibahatisha, na kwa kubahatisha kwangu nimemdhulumu mtu mkweli. Na si yeye peke yake. Mengi niliyoyasema mwezi huu niliyasema hivyo hivyo. Nimekosea, na yeyote aliyenunua kwa neno langu ana haki ya kulitilia shaka."

Wakaamini. Uso mmoja baada ya mwingine ulibadilika, na kila mtu akakumbuka pua yake, na Sultani akaamuru vichomwe vipande vya masanduku yote mawili, na moshi wa Khuzeima ukawakoholesha hata farasi. Abidini akavuliwa mzigo wake, akavalishwa joho, akarudishiwa duka, na Khuzeima akafukizwa kwa udi wake mwenyewe mpaka akakiri, akatozwa gharama za harusi. Nacho chetezo cha Junaidi kikapasuka vipande viwili nyumbani, na moshi uliotoka ndani yake haukurudi.

Sultani akamwambia Junaidi, "Nilitaka kukuadhibu, lakini nikiwatazama watu hawa naona umekwisha adhibiwa."

Na kweli aliadhibiwa. Baraza yenye nguzo ikawa tupu, akaiuza awalipe waliopata hasara, akarudi kwenye mkeka karibu na wafua shaba, na hakuna tena aliyemuuliza ni mjuzi wa nani, kwa kuwa wote walimjua. Watoto walipita wakijishika pua. Basi Junaidi, kwa kukosa la kufanya, akaanza kuwafundisha wapitao namna ya kunusa, bure, kwa udi wake mwenyewe. Aliwaambia, "Usinitazame mimi. Tazama moshi. Nusa wewe kwanza, useme unachonusa, kisha nami nitasema." Wengine walikaa kwa ajili ya kivuli tu, wakaondoka na ujuzi kidogo. Na mtu mwenye ujuzi kidogo hutambua upesi pale ujuzi wake unapokoma, na hapo ndipo walipoanza kurudi na masanduku.

Akawapokea wachache kwa siku. Asiyempata leo aliambiwa arudi kesho, na Junaidi alipokuwa hajui alisema hajui, na watu wakashangaa, wakaenda wakalisimulia, kwa sababu katika mji wa Rihani hapakuwahi kusikika mjuzi akisema neno hilo. Biashara ikakua polepole, kama mtoto mwenye afya, bila mtu kuona inakua lini.

Mzee Abidini alimsamehe mapema, maana moyo wake haukujua kazi nyingine. Safura ndiye aliyechelewa. Kila wiki alikuja na kipande kigumu zaidi, akimjaribu, akitazama midomo yake. Siku moja akasema, "Wakati mji mzima ulipokuamini, mimi sikukuamini hata kidogo. Sasa nakuamini, na hakuna aliyenilazimisha. Kamwone baba." Junaidi akamwona baba, na posa ikakubaliwa, na harusi ikafanywa kwa udi ambao waalikwa wote waliunusa wenyewe kabla ya kuusifu, na Safura akashika nusu ya kazi, kwa kuwa pua yake, semeni msemavyo, ilikuwa kali kuliko ya mumewe.

Wakatajirika. Na siku moja, alasiri, Sultani Mudhaffar mwenyewe akashuka kwenye farasi mbele ya duka lao, mkononi ana kipande cha udi aliopewa zawadi na mfalme wa mbali, naye ana wajumbe wanaongoja jibu. Akamnyooshea Junaidi kipande kile.

Junaidi akasimama, akainama mpaka chini, akasema, "Seyyidi yangu, pua yangu imechoka, na ya mke wangu pia. Tafadhali urudi kesho asubuhi."

Waziri akapandwa na hasira. "Unamwambia Sultani arudi kesho?"

"Nikisema leo, nitabahatisha," akasema Junaidi. "Na Seyyidi yangu anajua nibahatishapo huwa nini."

Soko lote likageuka kutazama, na nyundo za wafua shaba zikasimama. Sultani akamtazama, akakitia kipande kile mfukoni, akapanda farasi wake. Kesho yake alfajiri alirudi, akakuta watu watatu wamemtangulia, akaketi nyuma yao mkekani, akangoja zamu yake.

Na mafunzo yaliyomo, kwa wanaopenda hadithi iwe na mafunzo, ni kwamba kuaminiwa si kitu cha kuombwa kwa jini. Hapa ndipo tulipofikishwa na waliotuhadithia, na anayejua zaidi atuongezee.