Kiboko na Gari Lililopenda Mteremko

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na gari.
Gari la nani?
La anayelisukuma.

Basi sogeeni. Na nyinyi kaka zangu wa nyuma mnaotazama picha za magari kwenye simu, zimeni kidogo. Hadithi hii inawahusu kuliko wengine.

Hapo kale, ile kale ambayo tayari ilikuwa na magari, palikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima palikuwa na chemchemi moja tu. Ndani ya chemchemi alikaa Kiboko. Hakuichimba yeye, wala hakuirithi kwa baba yake. Aliingia siku moja, akakaa, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtoa, ikawa yake. Ndivyo mali nyingi zinavyopatikana, lakini tuyaache hayo.

Aliyetaka maji alileta mzigo wa majani mabichi. Huna majani, huna maji. Mvua zilipokawia na majani yakakauka, wanyama wakawa wanasimama ukingoni na ndoo tupu, na Kiboko anawatazama huku anatafuna akiba yake. Nyam, nyam, nyam.

Juu ya kilima, katikati ya mawe, aliishi Bi Pimbi na watoto wake wanne. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, hana mkia. Kitindamimba wake alikuwa ameacha hata kulia, ulimi umemkauka. Na Bi Pimbi hakuwa na mzigo wa majani. Alichokuwa nacho ni gari.

Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la milango miwili, la chini kiasi kwamba panzi aliweza kuchungulia dirishani bila kuruka. Mumewe alilinunua kwa Tumbili, akatoa ghala zima la mtama.

"Mke wangu, ni rahisi mno," alisema siku hiyo. "Gari kama hili, kwa mtama tu."

Akalipenda wiki moja. Akalisukuma miezi mitano. Kisha akaenda kutafuta spea, na hajarudi.

Bi Pimbi akakaa juu ya jiwe. Akalitazama gari, akaitazama chemchemi, akasema moyoni: ugonjwa uliompata mume wangu hauwezi kuwa wa pimbi peke yao.

Asubuhi yake akawaita majirani, Punda wawili wenye kiu. Wakaligeuza gari likaelekea bondeni, Bi Pimbi akaingia, wakasukuma. Gari likateremka kimya, likakohoa mara mbili, kisha: vuuum-pa-pa-pa! Likapita kando ya chemchemi kama moto, likapotelea nyuma ya kilima. Huko nyuma njia hupanda, kwa hiyo likapunguza mwendo lenyewe, likazima. Pu. Punda wakalivuta kwa njia ya uani mpaka juu, Kiboko asione.

Kesho yake, vuuum-pa-pa-pa. Kesho kutwa, vuuum-pa-pa-pa. Siku hiyo ya tatu Kiboko hakutafuna. Alikuwa amesimamisha masikio.

Akapanda kilima, pwata, pwata, pwata. Akalizunguka gari. Akalipiga tairi teke, kama wafanyavyo wote wasiojua chochote kuhusu magari.

"Bi Pimbi, hili linauzwa?"

"Nikuuzie tatizo, mzee wangu? Hili linasumbua."

"Sema tu hutaki nilipate. Kiumbe hata mkia huna, unaendesha gari kama hili?"

"Na wako unaonekana, mzee?"

Kiboko akajifanya hakusikia.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mwenye kuuza kitu hutaja ila zake tatu, yaani kasoro zake, mbele ya shahidi. Akishazitaja, na mnunuzi akakubali, kitu hakirudi, hata mje na machozi ndoo saba. Wakamwita Fundi Kobe awe shahidi. Fundi Kobe alikuwa amelala chini ya gari lile siku nyingi kuliko alizolala kwake, gamba lake lote linanuka oili.

"Mzee," akasema Bi Pimbi, "mwache fundi alitazame kwanza kwa niaba yako."

"Fundi wa nini? Mimi nina macho."

Fundi Kobe akafumba yake.

"Basi ila ya kwanza," akasema Bi Pimbi. "Haliwaki mpaka lielekee mteremko."

"Gari lenye heshima zake hilo. Haliwaki ovyo."

"Ila ya pili. Breki zinachelewa. Ukikanyaga sasa hivi, zinashika ukishasahau ulichotaka."

"Nani ananunua gari la mbio ili asimame?"

"Ila ya tatu. Mlango wa dereva haufunguki kwa ndani. Ukishaingia, ni mpaka aliye nje akufungulie."

"Nimekaa majini miaka saba. Mimi si mtu wa kutokatoka."

"Mzee," akasema Fundi Kobe taratibu, "mimi ningekuwa wewe..."

"Ungekuwa mimi ungeshafika unakokwenda."

Mnaona? Kiboko hakuwahi kusema kweli alipotaka kitu. Kwa hiyo alipoambiwa kweli, akadhani ni hila ya kumkatisha tamaa.

"Nitajie bei," akasema.

"Chemchemi."

Hapo Kiboko akageukia bondeni. Akatazama chini: maji, kivuli, matope laini ya kulalia. Akatazama gari. Mate yakamdondoka, pwa.

"Basi acha," akasema Bi Pimbi. "Hata Tembo ameniambia atapita Ijumaa."

"Tembo? Tembo hatoshi humo."

"Na wewe unatosha?"

Kiboko akamgeukia Fundi Kobe, akashusha sauti. "Fundi, mimi nikipita, wote wananipisha. Lakini wananipisha kwa hofu. Siku moja tu, nataka wanipishe kwa wivu."

Fundi Kobe akashusha pumzi. "Nimeshuhudia," akasema.

Chemchemi ikawa ya Bi Pimbi, na Bi Pimbi akasema hapo hapo kwamba atakayekuja na ndoo ateke. Wanyama wakashuka mbio na ndoo zao. Huku juu, waliobaki wakaanza kumwingiza Kiboko garini. Punda wakasukuma nyuma, yeye akavuta tumbo mbele. Kwiii, kwiii, tap. Mlango ukajifunga. Tumbo likafika kwenye usukani kabla ya mikono.

"Nisukumeni."

Wakamsukuma kwa moyo mkunjufu kabisa.

Vuuum-pa-pa-pa! Gari likashuka. Pale chemchemini wanyama wote wakainua vichwa na, kweli isemwe, wakamwonea wivu. Swala aliacha ndoo ifurike. Kiboko akawaona wanavyomtazama, akacheka mpaka mashavu yakatikisika. Sina uchungu na furaha yake. Ilidumu urefu wa kilima.

Kwenye kona akakanyaga breki. Kimya. Akakanyaga tena. Kimya. Nyuma ya kilima njia ikapanda, lakini gari lililobeba kiboko si gari lililobeba pimbi. Likapanda, likapita, likatumbukia upande wa pili, kwenye korongo kavu. Pu. Likazama mchangani, likasimama.

Ndipo breki zikashika. Kwiiich.

Kiboko akajaribu mlango. Haukufunguka. Akajaribu kuwasha. Mbele yake kulikuwa na mpando. Jua likapanda, ngozi ikaanza kumpasuka, na ngozi ya kiboko bila maji si jambo la mzaha. Akapiga honi. Pii. Pii. Pi.

Punda wakapita ukingoni na ndoo zimejaa.

"Nifungulieni, jamani."

"Tutakufungulia, mzee," akasema Punda mkubwa. "Kalete kwanza mzigo wa majani mabichi."

Kiboko akainamisha kichwa juu ya usukani, honi ikalia yenyewe.

Alasiri Bi Pimbi akashuka korongoni. Kitindamimba wake alikuwa ameshakunywa, ameshalala, tumbo kama kibuyu. Bi Pimbi akammwagia Kiboko ndoo nzima kupitia dirishani, akafungua mlango kwa nje, tap, Kiboko akaporomoka mchangani. Wanyama wengine walikuwa wameshajaa ukingoni. Wakangoja atubu.

Kiboko akainuka. Akaufunga mlango polepole, akaipangusa bodi kwa kiwiko.

"Lakini sauti yake," akasema, "mliisikia?"

"Njoo unywe, mzee," akasema Bi Pimbi. "Ni bure."

"Naomba ndoo mbili."

"Ya pili ya nini?"

"Ya kuliosha."

"Kunywa ni bure. Kuosha gari, lete mzigo wa majani."

Kesho yake Kiboko akaondoka kwenda kutafuta spea. Wasafiri wanasema wamemwona nchi ya mbali, kwenye uwanja wa magari yaliyokufa, ameketi na mzee mmoja mfupi asiye na mkia. Kila mmoja anamweleza mwenzake kwamba lake halina shida, limepungukiwa na kakitu kamoja tu.

Funzo? Mtu asikudanganye, gari zee la mbio la bei rahisi ni mali nzuri kabisa, mradi anayelinunua ni mwingine. Na ukikutana na muuzaji anayekuambia kweli, kimbia, huyo ndiye tapeli.

Hadithi yangu imezimia hapa, mteremko umeisha. Anayetaka iendelee, ashuke asukume.